Mwaga Maji Uone: Niliyojifunza kwa Kuendesha Baiskeli Bondeni

Anguko langu la kwanza la kuumiza lilinipata mahali karibu tambarare, kwenye njia nyembamba iliyopita ubavuni mwa kilima, mto ukisikika chini upande wa kushoto na miti imefunga juu kama dari. Mbele yangu palikuwa na mzizi mmoja. Ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono, umelala mshazari njiani, gome lake limeliwa na matairi mpaka mti wa ndani umebaki wazi, mweupe, unang'aa. Mvua ilikuwa imekatika tangu jana yake. Udongo pande zote ulikuwa umeshakauka, lakini mzizi ulikuwa bado umelowa.

Nilikuwa naenda taratibu kabisa. Tairi la mbele lilipougusa ule mzizi halikuupanda, liliufuata. Liliteleza kwa urefu wake kuelekea bondeni, na kabla sijatambua kwamba nimebana breki, bega langu lilikuwa limeshafika ardhini na baiskeli imenilalia mguuni.

Kaka aliyekuwa nyuma yangu, mtu mzima aliyeendesha katika bonde lile kwa miaka mingi kabla yangu, alishuka akaegemeza yake kwenye mti.

"Umeumia, mdogo wangu?"

"Sijaumia, kaka. Bega tu limegonga."

Aliniinua, akanikagua bega, kisha akachuchumaa penye mzizi akaupitisha kidole. Akanionyesha kidole chake, kimelowa. Halafu akaniambia nitazame juu. Nilipotazama nikaona majani yamebanana mpaka mbingu haionekani, na upande ule wa kilima ulikuwa umelipa jua kisogo. "Hapa hapakauki leo wala kesho," alisema. "Ukiwa bondeni jiulize kwanza maji yametoka wapi na yanakwenda wapi. Mengine utayajua baadaye."

Miaka saba imepita. Nimeendesha kwenye mabonde ya mito yenye msitu na vilima kuliko mahali pengine popote, na kila jambo la maana nililojifunza huko limeishia kwenye lile swali lake. Nayaandika hapa kwa sababu naona wengi wanaanza kama nilivyoanza mimi, wanahangaikia nguvu za miguu na ubora wa baiskeli, na bonde linawaumiza kwa vitu ambavyo hawakuvitazama.

Nianze na huo mzizi. Mzizi uliolowa haukamati tairi hata kidogo, hasa ule uliovuliwa gome. Ukiukuta, ukate kwa pembe mraba, yaani gurudumu liupite likiwa limeuelekea moja kwa moja, hata kama itakubidi kuhama upande wa pili wa njia ili upate nafasi ya kujipanga. Ukiwa juu yake usibane breki, usikate kona, usikanyage pedali kwa nguvu. Kazi hizo zimalize kabla. Magoti na viwiko vilegee, uzito upungue kidogo tairi la mbele linapopita, na macho yawe mita kadhaa mbele, maana ukiukodolea mzizi macho utaukokota mwili wako mpaka kwenye mzizi huohuo.

Siku ile pia upepo wa matairi yangu ulikuwa mwingi mno. Nilikuwa nayajaza mpaka psi 35 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), nikiamini kwamba tairi gumu ndilo lenye kasi. Kwenye lami ni kweli, lakini msituni tairi gumu hudunda juu ya kila kitu, halipati nafasi ya kujikunja likashika. Uzito wangu ni kilo 70 hivi, na kwa tairi la upana wa inchi 2.3 lisilo na tyubu sasa naweka psi 22 mbele na 25 nyuma. Tairi la namna hiyo lina dawa ya majimaji ndani inayoziba matundu madogo yenyewe, na kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa kati ya jiwe na rimu, unaweza kupunguza upepo bila kupata pancha kila unapogonga jiwe. Kwangu hakuna kifaa kingine, cha bei yoyote, kilichobadilisha uendeshaji kama kipimo kidogo cha upepo ninachobeba mfukoni.

Sasa ramani. Hapa ndipo bonde lilipotupa adhabu kubwa zaidi, na kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyepanga safari.

Tulikuwa watatu. Nilichora mzunguko wa kilomita 26 unaofuata mto kwa muda mrefu, kisha unapanda kutoka nje ya bonde na kurudi kwa mgongo wa vilima. Nilifikiri hivi: njia ya kufuata mto ni tambarare, kwa sababu mto wenyewe unashuka polepole. Nikakadiria kilomita 13 kwa saa, nikapata muda wa saa mbili. Tukaondoka saa saba mchana, tukitarajia kumaliza saa tisa.

Nilichosahau ni kwamba njia za msituni mara nyingi hazikai kando ya maji. Ukingo wa mto hufurika, hubomoka, huwa na matope na mchanga mlaini, kwa hiyo wachimba njia huipandisha ubavuni mwa kilima. Na ubavu wa kilima haujanyooka. Kila baada ya umbali kidogo kuna kijito kinachoteremka kuingia mtoni, na kila kijito kimejichimbia korongo lake. Njia inashuka mpaka kwenye kijito, inavuka, inapanda upande wa pili, halafu inakutana na kingine. Tulivuka saba. Kila korongo lilitutaka tupande karibu mita 80 kutoka humo. Saba mara 80 ni 560, na bado mpando wa mwisho wa kutoka bondeni ulikuwa na mita 300. Jumla tulipanda mita 860 kwenye safari niliyowaambia wenzangu kwamba nusu yake ni tambarare.

Yote hayo yalikuwa kwenye ramani. Mistari ya kontua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ilikuwa imechorwa kila mita 10 za mwinuko, na penye kila kijito ilikuwa imejikunja kuelekea juu ya mlima kama herufi V. Sikuihesabu tu. Nilipima urefu kwa kidole nikaridhika.

Tulimaliza saa kumi na mbili na nusu jioni, muda wa saa tano na nusu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni rahisi ya kukadiria safari ya miguu milimani: saa moja kwa kila maili 3, ambazo ni karibu kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani karibu mita 600. Niliporudi nyumbani nikaipigia hesabu safari yetu kwa kanuni hiyo, nikapata saa sita na nusu na dakika chache. Maana yake tulikuwa na baiskeli tatu nzuri na mwendo wetu ulimzidi mtembea kwa miguu kwa saa moja tu. Tangu siku hiyo nikipanga njia ya bondeni napiga kwanza hesabu ya Naismith, kwa sababu baiskeli ikiharibika, au mwenzako akiishiwa nguvu, huo ndio mwendo mtakaobaki nao. Kama hesabu hiyo inapita machweo, nafupisha njia.

Na machweo ya bondeni huwahi. Juu ya vilima jua bado linawaka, huku chini kivuli kimeshauvuka mto, na ndani ya miti giza linaingia mapema zaidi. Siku ile kilomita tatu za mwisho tulizisukuma baiskeli tukimulika kwa taa moja. Baridi nayo ilitushukia, kwa sababu hewa baridi ni nzito, usiku ukikaribia inateremka kutoka milimani na kutuama chini kama maji kwenye bakuli. Ndiyo maana asubuhi ukungu umejaa bondeni na kileleni kuna jua. Mwenzetu mmoja alikuwa na fulana tu iliyolowa jasho, na midomo yake ilibadilika rangi. Nilimvalisha koti langu nikamshika mkono kwa muda mrefu. Koti la kuzuia upepo na taa havitoki kwenye begi langu tena, hata jua liwe kali namna gani tunapoondoka.

Breki nitazisema kwa kifupi, ingawa nusura zinimalize. Kwenye mteremko mmoja mrefu nilizishikilia bila kuziachia, nikidhani ndiyo tahadhari. Katikati nikasikia harufu kama ya kitu kinachoungua, kisha mkono wa breki ya nyuma ukaingia mpaka kugusa usukani bila kitu kutokea. Nilijielekeza kwenye ukingo wenye nyasi na vichaka nikasimama humo. Diski ilikuwa imebadilika rangi ya zambarau. Ukiminya kidogo kidogo muda wote, joto halipati pa kwenda: pedi zinapoteza mshiko, na majimaji yanayosukuma breki yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu yanaminyika pale ulipotegemea nguvu. Afadhali kubana kwa nguvu kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya kona, kisha kuachia kabisa diski ipoe unapopita.

Tatizo hili ni la zamani kama mchezo wenyewe. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax katika kaunti ya Marin, California, vijana walianza kushindana kuteremka barabara ya mlimani inayoshuka karibu mita 400 ndani ya kilomita tatu na kidogo. Baiskeli zao zilikuwa za kizamani, za breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Kufika chini, grisi ya kitovu cha gurudumu ilikuwa imeungua ikatoka moshi, na iliwabidi kuifungua na kuipakia upya kabla ya kuteremka tena. Ndiyo sababu mteremko ule ukaitwa Repack, yaani kupakia upya. Baiskeli za milimani tunazopanda leo zilizaliwa kwenye miteremko kama ule.

Kuvuka maji nako kuna la kusema. Nilijifunza kutazama umbo la mto kabla ya kutazama kina. Kwenye kona, upande wa nje ndiko maji yanakokimbia na kuchimba, kwa hiyo pana kina na ukingo uliosimama wima. Upande wa ndani maji yamepungua kasi, yameacha mchanga na kokoto. Pa kuvukia ni sehemu iliyonyooka, pana, ambapo maji yanachezacheza juu ya kokoto na unasikia kelele zake. Paliponyamaza ni kina. Maji yakifika gotini na yana kasi, sivuki. Niliwahi kukaa na wenzangu ukingoni karibu saa nzima tukibishana, kwa sababu upande wa pili palikuwa na njia nzuri kuliko zote na kurudi kulikuwa kilomita 11. Maji yalikuwa na rangi ya udongo na yalikuwa yanabeba vijiti. Jua lilikuwa linawaka, lakini mvua ilikuwa imenyesha mbali, kwenye chanzo. Nilichomeka kijiti ukingoni, usawa wa maji. Baada ya dakika kumi kilikuwa kimezama nusu. Hakuna aliyebishana tena, tukageuza.

Yule kaka aliyeniinua siku ya mzizi alikuwa pia mmoja wa wale wanaotengeneza njia. Wahenga walisema vyaelea, vimeundwa, lakini mimi kwa muda mrefu niliendesha kwenye njia za msituni kana kwamba zimeota zenyewe kama uyoga. Siku moja alinialika niende bila baiskeli. Nilimkuta na jembe, sururu na chupa kubwa ya maji. Nilidhani maji ni ya kunywa.

Tulisimama mahali nilipopapenda sana, mteremko ulionyooka kutoka juu hadi chini, wa kukufanya upige kelele za furaha. Akafungua chupa, akamwaga maji katikati ya njia. Yalikusanyika kidogo, yakapata mfereji mdogo ambao sikuwa nimeuona, yakaanza kukimbia. Tuliyafuata kwa miguu. Yalishuka katikati ya njia hatua ishirini na zaidi, yakichukua sindano za majani makavu na chembe za udongo, mpaka yakanywewa na ardhi.

"Hiyo ni chupa moja," alisema. "Mvua ya usiku mmoja je?"

Kisha akanipeleka kwenye njia nyingine, ile inayokata ubavu wa kilima. Akamwaga tena. Maji yalivuka njia upande kwa upande, yakaingia kwenye majani upande wa chini, yakapotea. Njia ilikuwa imeinamishwa kidogo sana kuelekea bondeni, kiasi ambacho ukiwa juu ya baiskeli huwezi kukihisi. Na kila baada ya hatua kadhaa njia iliyokuwa ikishuka ilipanda kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Nilikuwa nikivifurahia vile vituta kama vya kurukia. Kumbe ni vya kuyatoa maji njiani, kwa sababu maji hayawezi kupanda.

Alinifundisha kanuni ambayo watengenezaji njia wengi duniani huitumia: mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa kilima inachokikata. Kama kilima kinashuka mita 30 kwa kila mita 100, njia isishuke zaidi ya mita 15 kwa mita 100. Ukizidisha hapo, maji yataona njia yako ni rahisi kuliko kilima, na yataifuata. Maji hufuata mkondo. Na kwa wastani wa njia nzima hupendelea isizidi asilimia 10, kwa sababu hata pale kanuni ya nusu inaporuhusu, matairi yanayobana breki huupura udongo wenyewe.

Tulichimba siku nzima tukageuza mita 40 tu. Kazi ni nzito kuliko mpando wowote niliowahi kuupanda. Unakata ubavu mpaka ufikie udongo mgumu wa chini, kwa sababu ule mweusi wa juu, uliojaa majani yaliyooza, unafyonza maji kama sifongo na haubebi tairi. Unautupa mbali upande wa chini. Mizizi mikubwa huikati, unaipitia juu au unaizunguka, maana ndiyo inayoushika mlima. Jioni alinionyesha alama za matairi kwenye kipande cha jirani kilicholowa, mfereji wa kina cha vidole vitatu ulioachwa na watu waliopita wakati wa matope. Katikati njia ilipokuwa mbaya, wengine waliizunguka kwa pembeni, kwa hiyo ilikuwa imepanuka mara tatu na kuua miche yote ya kando.

Sikumwambia, lakini mojawapo ya zile alama nilizitambua. Meno ya tairi langu la nyuma yana mchoro wake.

Hilo ndilo lililobadilisha mwenendo wangu kuliko bega lililogonga ardhini. Nimeacha kwenda wakati udongo unaganda kwenye tairi. Kipimo changu ni rahisi: nikisimama dakika tano baada ya kuanza na nikakuta alama yangu imezama ardhini badala ya kuandikwa juu tu, nageuka na kutafuta barabara ya changarawe. Dimbwi likiwa katikati ya njia, napita katikati yake na kulowa. Katika nchi kama Uingereza njia za baiskeli huwekewa rangi kulingana na ugumu, kijani, buluu, nyekundu na nyeusi, na nimeona watu wakiitegemea rangi kama ahadi. Rangi inakwambia njia ilivyochimbwa. Haikwambii jana usiku mvua imenyesha kiasi gani, wala upande gani wa kilima haujaona jua wiki nzima, na kwangu njia ya buluu iliyolowa imekuwa ngumu kuliko nyekundu iliyokauka mara nyingi sana.

Msimu wa mvua ulipokwisha nilirudi kwenye zile mita 40. Nilikwenda peke yangu, asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mto. Kile kituta tulichokijenga mwisho, pale mikono yangu ilipokuwa imeshatoka malengelenge, kilikuwa kimeota majani membamba pembeni. Upande wa chini, mahali maji yanapotokea, palikuwa na tabaka dogo la mchanga safi, limetandazwa kama upepeo kwenye majani makavu kwa upana wa meza. Udongo wa katikati ya njia ulikuwa mgumu na umekauka. Nilitoa chupa yangu begini nikamwaga nusu, nikachuchumaa kuyatazama. Yalivuka, yakaingia majanini, yakapita juu ya ule mchanga. Nikafunga kifuniko, nikapanda baiskeli.